Mwosha Maiti Agombea Kiti

Watu wa mjini wakisikia kwamba mwakilishi wetu katika Baraza la Jimbo alikuwa mwosha maiti, hucheka. Mimi siwajibu, maana nitagombana na watu bure. Kwanza hakuwa mwosha maiti tu. Mafuriko yakija, Salbiah ndiye aliyepika uji wa kambi nzima pale shuleni. Mtu akiugua, ndiye aliyetafuta gari. Mtoto akipotea, ndiye aliyezunguka akipiga kelele hadi akapatikana, na kazi zote hizo hakulipwa hata kipande cha sabuni. Kijiji kizima cha Teluk Kepayang kilimwita Kak Biah, yaani dada Biah, hata wazee waliomzidi umri. Mimi binamu yake nilimwita hivyo hivyo.

Maiti wa kike wote wa pande zetu walipita mikononi mwake. Kabla ya kumwaga maji ya kwanza aliinama sikioni mwa marehemu, akamwita kwa jina na kumwomba ruhusa. "Ni mimi Biah. Niwie radhi, nakuosha sasa." Sijaona mwosha mwingine akifanya hivyo. Vikongwe wetu walikuwa hawaogopi kufa. Waliogopa kufa siku Biah hayupo.

Kilichomtoa huko kikampeleka kwenye siasa ni daraja. La zamani lilichukuliwa na mto mwaka wa mafuriko makubwa. Datuk Zabidi, mheshimiwa aliyekuwa na kiti cha Baraza, aliahidi jipya kila uchaguzi huku akitugawia mchele na fulana zenye sura yake. Barabara na hospitali ziko upande wetu. Watu wa ng'ambo huvuka kwa mashua, na mto ukijaa hawavuki. Mke wa Lazim wa ng'ambo, mjamzito, alifia ukingoni akiutazama mto. Biah alimwosha yeye na kichanga chake, kisha akaja kibandani kwangu pale kivukoni, ninapouza ndizi za kukaanga, akakaa bila kugusa chai.

"Senah," akaniambia, "nimechoka kuosha watu ambao hawakuwa na sababu ya kufa."

"Sasa?"

"Sasa nakitaka kile kiti cha Zabidi."

"Kak Biah, kile kiti kina mwenyewe, tena ana makalio mapana."

Hakucheka. Hapo nikajua ndizi zangu zitauzwa na mtu mwingine kwa muda.

Akasimama kama mgombea binafsi, akapewa alama ya ufunguo. Pak Jusoh, mzee wa mashua ya kivuko, akasema bora wangempa ndoo, watu wangemjua haraka. Mimi nikawa dereva wake, mpishi wake na mpiga kelele wake.

Tulianza vibaya. Fikiria una mgonjwa ndani, halafu mwosha maiti anapiga hodi mchana kweupe, ananawa miguu kwenye mtungi wa chini ya ngazi kama mgeni yeyote. Watu walipauka. Mwanamke mmoja alichungulia dirishani akapiga ukelele.

"Bado! Bado anapumua! Nani kawaita nyie?"

"Mama, tumekuja kuomba kura," nikasema.

"Kaombeni kwa wazima!"

Tulicheka njia nzima, lakini kicheko chenyewe hakikuwa na raha.

Wasiomwogopa nao walikuwa na dai lao, na aliyelianzisha ni mama yangu mzazi. Biah alipomwomba kura, mama alimkamata kiganja.

"Ukienda kukaa kwenye viyoyozi huko, mimi nani ataniosha?"

"Mimi, mama mdogo. Popote nitakapokuwa, nitakuja."

"Apa."

"Wallahi, nitakuja nikuoshe kwa mikono yangu."

Mama akampa neno lake hapo hapo. Habari zikaenea, na kila kikongwe akataka kiapo kama hicho. Biah aliwaapia wote. Zabidi alikuwa akiahidi daraja, sisi tukiahidi kuosha watu. Nilimwambia Biah kwamba bado fulana tu, na zetu tutazishona kwa kitambaa cha sanda. Safari hiyo alicheka.

Hata hivyo tulikuwa tunashindwa, na kila mtu aliona. Kijiji chetu peke yake hakitoshi. Ng'ambo ya mto kumejaa ukoo wa Tok Embun, bibi yao mkubwa, nao hupiga kura upande mmoja kwa kufuata neno lake. Na neno lake alikuwa hajalitoa.

Huyo Tok Embun alikuwa mkunga. Zamani, hata lile daraja la kwanza halijajengwa, aliuvuka mto umefurika kwenda kuzalisha, akaingia nyumba za watu na nguo kavu. Mama yangu aliliona hilo kwa macho yake siku ya kunizaa mimi. Nje maji yamefika ngazini, mkunga kaingia na nywele kavu kabisa. Hakuna aliyeuliza amevukaje. Tulijua ana kitu cha mtoni alichorithi kwa mama yake. Kwetu kitu hicho huitwa saka. Kinakutumikia maisha yako yote, lakini hakikuachi ufe mpaka mtu mwingine akubali kukipokea kwa mdomo wake.

Basi Embun akawa amelala miaka na miaka, kabaki ngozi na mifupa, hafi. Wanawe walikuwa wametoa bati moja juu ya kitanda chake na ubao mmoja chini ya kitanda, ili roho ipate njia. Roho haikutoka. Kilichopatikana ni mvua kuingia ndani. Na nani angepokea? Wajukuu wake wenyewe wakimpelekea chakula walibana midomo, wasije wakaitikia neno kwa bahati mbaya.

Siku tuliyoenda huko nilimsema Biah tangu kivukoni.

"Nisikilize. Ukifika mle ndani usiseme ndiyo. Hata akikuuliza kama kuna jua, nyamaza."

"Mgombea gani hasemi ndiyo?"

"Mgombea mwenye akili!"

Tulifika alasiri, wingu limefunga. Lazim, yule mfiwa, ni mjukuu wa Embun; ndiye aliyetupeleka chumbani, kisha akarudi nyuma mpaka mlangoni. Nilidhani nitakuta harufu ya ugonjwa. Nilikuta harufu ya mto, ile ya matope na majani yaliyooza, ndani ya chumba kilichofagiliwa. Embun alikuwa macho.

"Biah mwosha," akasema. Lazim alishtuka, kwa kuwa bibi hakuwa ametamka kitu tangu msimu uliopita wa matunda ya durian.

"Ni mimi, Tok."

"Ulimwosha mke wa huyu. Ulimwita kwa jina."

"Nilimwita."

"Mimi utaniita lini?"

Mvua ikaanza, matone yakadondoka kupitia lile tundu la bati mpaka kwenye paji la uso la bibi. Niliona wazi, sikuota. Kila tone lilivingirika likaanguka mtoni, maana nyumba ile imejengwa juu ya nguzo za ukingoni. Ngozi ya Embun ilibaki kavu.

"Pokea changu," akasema. "Lazim anasikia, atawaambia wangu wote. Ukipokea, wewe ndiye watakayempigia."

Nilimbana Biah mkono mpaka kucha zangu zikaingia. Niliogopa, sioni haya kusema. Nilitaka tutoke pale mbio, kiti akichukue Zabidi na ukoo wake mpaka kiyama. Biah alimtazama yule bibi muda mrefu, uso umemlegea kwa huruma, au mimi niliuita huruma.

"Napokea," akasema.

Embun akashusha pumzi na hakuvuta nyingine. Tone lililofuata likamlowesha uso, kisha jingine, mpaka maji yakamjaa kwenye mashimo ya macho, na Lazim akaja kumfunika huku akilia.

Biah aliinama akamwita kwa jina, kama alivyotaka. Lakini kata ya maji aliwaachia wanawake wa ukoo. Alisema mikono inamtetemeka. Nilimjua Biah tangu tukichezea matope, na sikuwahi kumwona akimwachia mtu mwingine kata.

Tulirudi kwa mashua mvua ikinyesha ile ya kupiga usoni. Mimi nililowa mpaka chupi. Pak Jusoh alilowa. Biah alikaa kati yetu na kitambaa chake cha kichwa kikipepea kikavu. Pak Jusoh alimtazama, akaigeukia mashine yake.

"Mwavuli wako mzuri, Kak Biah," akasema polepole.

Hakuwa na mwavuli.

Tulipofika kibandani nilimkalia kooni. "Niambie ukweli. Umepokea kwa huruma au kwa kura?"

"Hata mimi sijui, Senah," akasema. "Ningejua ningekwambia."

Tangu siku ile milango ikafunguka. Aliyetupigia ukelele dirishani akatutandikia mkeka. Watu waliitikia kabla hajamaliza sentensi, wakitabasamu, macho yao yakitazama nyuma ya bega lake kana kwamba tumekuja watatu. Nilikuwa nageuka kila mara. Sikuona mtu, ila mbao za sakafu nyuma yetu zilikuwa na unyevu.

Alikuwa hachoki. Alikunywa maji mtungi mzima na bado akasema ana kiu. Jioni moja nilimkuta kwangu wakati wa magharibi, bomba liko pale pale uani linatiririka, naye anapiga viganja ukutani kwenye vumbi anatayamamu kama mtu aliyekosa maji ya kutawadha. Aliponiona akashusha mikono. Nikaenda kufunga bomba.

Siku ya kupiga kura karani alimpaka wino kwenye kidole. Wino ukateleza wote ukaanguka mezani. Akampaka tena, ukaanguka tena.

"Mama, umetoka kukaanga nini? Kidole kina mafuta hiki!" akasema karani, na mstari mzima ukacheka. Biah naye alicheka, mkono ameuficha ndani ya nguo. Mimi nilibaki nautazama ule wino mezani.

Ng'ambo yote ilimpigia yeye. Zabidi alianguka vibaya sana, na watu walimbeba Biah juu juu kutoka shuleni mpaka kivukoni. Aliniomba nipike wali wa kunata wa njano na kuku wa kuchoma, nami nikapika. Sahani ya kwanza, fungu la kile kitu cha mtoni, niliiona ikishushwa majini, na mwenye kuishusha ni yeye. Wageni walidhani anafurahia maji.

Mvua zilizofuata, mama yangu alifariki. Alifariki asubuhi, taratibu, neno lake la mwisho likiwa "Biah ameambiwa?" Nilimpigia simu, na kabla ya adhuhuri gari la Baraza likasimama nje. Watu walisimama kwa heshima wakamwita mheshimiwa. Aliwapita, akapanda ngazi bila kugusa mtungi, akaja moja kwa moja nyuma ya pazia, tulikomlaza mama. Maji ya majani ya mkunazi yalikuwa tayari, karafuu maiti imeshasagwa. Nilimkumbatia nikalia kwa furaha. Naam, furaha, maana ameshika kiapo chake.

Akakunja mikono ya nguo. Akainama.

"Mama mdogo, ni mimi Biah. Niwie radhi, nakuosha sasa."

Akachota, akamwaga begani, upande wa kulia. Maji yakagawanyika. Yalikimbia huku na huku kama juu ya jani la myugwa, yakamwagika chini, na bega la mama likabaki kavu. Wanawake waliokuwa wakisoma dua wakanyamaza. Akachota tena, mkono unatetemeka kwelikweli safari hii. Mama hakulowa. Mara ya tatu hakumwaga. Alisimama na kata hewani akinitazama, na sijawahi kuona uso wa mtu mzima ukiomba msaada namna ile.

Nikampokonya. Ndiyo, nilimpokonya, kwa hasira. Nikamwaga mimi, na maji yakamshika mama yangu vizuri, yakalowesha nywele zake nyeupe. Biah alikaa upande wa kichwani akanielekeza kwa sauti ya chini. Anza upande wa kulia. Mgeuze polepole. Hapo usisugue. Hakumgusa tena.

Baada ya mazishi nilimkuta amekaa ngazini, karibu na mtungi, dereva wake anasubiri mbali. Watu walikuwa wakimpita kwa mbali.

"Fedha za daraja zimepitishwa," akasema. "Msimu wa kiangazi wanaanza kuchimba mashimo ya nguzo. Hakuna tena atakayefia ukingoni, Senah."

"Ulimwapia mama."

"Najua."

"Umewaapia wote."

"Najua." Akatazama viganja vyake. "Na mimi je? Siku yangu ikifika, nani ataniosha?"

Hakuniomba nipokee kitu. Angeniomba ningekimbia, ndugu au si ndugu. Aliuliza hilo tu, kama mama alivyouliza, nami hasira yote ikanitoka nikabaki na huruma. Nikachukua kata ya mtungini, nikachota, nikammiminia miguuni. Maji yakapita pembeni, yakaingia ardhini. Nikachota tena.