Fulgence Watatu wa Kiwanda cha Sabuni

Kila asubuhi, kabla mitambo haijawashwa, Directeur wa kiwanda kimoja cha sabuni mjini Bunia humpa kila mfanyakazi mkono na kumuuliza habari za nyumbani. Ni desturi nzuri, hakuna anayeilaumu.

Mwaka huu, walipokuwa wakipanga kazi, Emerance, mkuu wa matengenezo, aliomba mafundi watatu. Alikuwa na mmoja tu, Fulgence, ambaye kwa kushinda na kukesha kiwandani alikuwa bado hajambeba binti yake mchanga.

“Kidole kimoja hakivunji chawa, Directeur.”

“Fulgence iko na vidole kumi.”

Wote wakacheka, hata Emerance, na kicheko hicho kilimuudhi hadi jioni.

Jumanne tanuri la mvuke lilizimika wakati uleule mashine ya kuchanganya sabuni ilipokwama. Fulgence aliitwa kote kuwili, akaenda kote kuwili. Fulgence wa tatu alinawa mikono akaenda nyumbani, mtaa wa Rwambuzi, ambako mkewe Dorothée alimkabidhi mtoto bila maswali, maana mgongo ulikuwa ukimuuma.

“Chef, niletee clé ingine ya dix-neuf,” alisema Fulgence wa tanuri. “Ile moja iko na mwenzangu.”

“Mwenzako nani?”

“Ni miye.”

Emerance akaenda stoo kutafuta spana ya pili ya namba kumi na tisa.

Kesho yake Directeur alimpa Fulgence mkono mara mbili, akauliza habari za nyumbani mara mbili, akafurahi mara mbili kusikia mtoto hajambo. Kisha akaamua kwamba fundi mmoja anatosha.

Jumapili mtoto alipelekwa kubatizwa, Emerance akiwa mama wa ubatizo. Directeur naye alifika, na sabuni katoni nzima. Alimkuta Fulgence mlangoni mwa kanisa.

“Kumbe uko huku! Na kule ku usine?”

“Niko kule pia, Patron.”

“Vizuri sana. Tunafungua usine ya pili kule Mahagi. Utafika kule pia.”

Emerance aliona hasira.

“Mwingine atafika,” alisema Fulgence kwa upole. “Miye niko na mutoto.”

Directeur hakuona tatizo. Asubuhi ya Jumatatu Fulgence wa nne angepanda lori la kwenda kiwanda kipya cha Mahagi, na mpango wa mwaka ungebaki na fundi mmoja. Lakini hiyo ilikuwa Jumatatu. Padri alimimina maji, mtoto akalia, na baba yake akamshika kwa mikono yote miwili.