Sauti Nyuma ya Pazia

...na vikombe vinagongana kwenye sinia, tulia Ikran, tulia, ni wazee wawili tu waliotoka Wajir kuja kukuposa, si ulilitaka mwenyewe, si umelingoja tangu ile harusi ya binamu ulipomwona Shuaib akibeba sufuria za pilau pamoja na wanawake bila kuona haya, na sasa baba yake, mzee Abdille, yuko hapa Galbet na mwenzake, sebuleni kwetu, ng'ambo ya pazia hili, naona bakora aliyoilaza magotini na ndevu zilizotiwa hina, na sauti yake, ya Rabbi, sauti hiyo nimeisikia wapi... "Binti yetu ni mpole," anasema shangazi Rahmo, "hata majirani hawajui anavyoongea," na ni kweli, eddo, shangazi yangu, humu ndani siongei, kaka zangu wakibadilisha chaneli nanyamaza, baba akikohoa tu nainamisha kichwa, wala siigizi, wallahi, nikivuka kizingiti hiki ulimi unalala wenyewe, lakini hospitalini, kwenye kazi yangu ya ukunga, lo, wodini nikishavaa glavu nakuwa mtu mwingine, hata daktari ananipisha njia... simu inatetemeka mfukoni, ni Shuaib, najua ni yeye, anataka kujua wamefika wapi, na kwake yeye mimi ni Ikran wa tatu, yule mcheshi, anayemwigizia mwalimu mkuu wa shule anakofundisha mpaka Shuaib anaomba nimwache apumue, sasa wameposa yupi, wa nyumbani, wa wodini au wa simu... "Mimi juzi nilifokewa na mwanamke," anasema mzee Abdille, na sinia linataka kunitoka, kwa sababu sasa nimejua, ni yeye, ni yule mzee wa mlangoni, "Nilimpeleka binti ya ndugu yangu kujifungua hapa hospitalini, uchungu ukawa mkali, nikataka kuingia nimsomee dua, akatokea sista mmoja, amefunika uso kwa barakoa, akaniambia, mzee, kaa kwenye benchi na usiinuke mpaka nikuite!" wanacheka, baba yangu anacheka, na mimi huku moyo unapiga kama punda anayekimbia lami, maana hakusimulia yote, nilimfokea kwa Kisomali, kisha kwa Kiswahili ili askari wa mlangoni naye asikie, mimi nikamnyooshea kidole mzee wa umri wa babu yangu, naye akakaa, na bakora yake, kimya, kama mwanafunzi, na sikuwa na muda wa kuona aibu, mtoto alikuwa ametoka akiwa wa bluu, halii, nikamsugua mgongo, nikamsugua, lia wewe, lia, nikampulizia hewa, lia, nawe mama usifumbe macho, nitazame mimi... "Alhamdulillahi, wetu hajui hata kupandisha sauti," anasema baba, kwa fahari, maskini baba, nami nawaza niingie nimeinamisha uso, nimimine chai, nisitamke neno, sura yangu haijui, ni sauti tu anayoijua, nikinyamaza leo nimeolewa, leo tu, na kesho je, na mwaka ujao, ninyamaze mpaka azikwe... "Na ulimfanya nini huyo sista?" anauliza baba. Bakora inagonga sakafu. "Ningemfanya nini, Yahye? Nilikaa. Nimekaa pale nimekasirika, nasema moyoni hana adabu huyu, hakulelewa, mara nikasikia mtoto analia. Akatoka, akaniambia, adeer, ingia sasa, soma dua yako. Kwa upole, mpaka nikadhani ni mtu mwingine." Nilisema hivyo? Nilimwita adeer, kama ami yangu, kweli? Sikumbuki kabisa, lakini ni mimi, nani tena, basi yule mpole wa nyumbani alikuwa wodini siku ile, alikuwa pale pale nyuma ya glavu, na huyu mkali naye yumo humu ndani sasa hivi, anahema, anataka kucheka, hakuna Ikran aliyewahi kubaki nje ya mlango, nimekuwa nikiwagawa mwenyewe kama watu wasiosalimiana, subhanallah, na mwili mzima umepata joto, ningeweza kukimbia kutoka hapa mpaka Mto Tana na kurudi... "Ikran!" shangazi anaita, "Ikran, mama, chai iko wapi?" na kila siku huwa siitiki, huwa natokea tu kama kivuli, lakini kinywa kimeshafunguka, "Naja, eddo, wageni wetu wavumilie kidogo!" na si sauti ya nyumbani, si ya wodini, ni kubwa, ina kicheko ndani yake, imejaza korido nzima, na sebuleni baba hakohoi, mzee Abdille ndiye anayesema, polepole, "Yahye... huyo ni nani aliyeitika?" nami bado nimesimama pale pale, sijasogea hata unyayo, na wala siogopi jibu.