Kiti cha Msomi

Seremala alikuwa uani akipiga msasa mguu wa meza, mwanawe alipoita kutoka sebuleni kwamba kiti hakimwachii. Alipuliza vumbi, akauweka mguu ule juu ya benchi, akaenda kutazama. Mikono ya kiti ilikuwa imejikunja juu ya mapaja ya kijana, na miguu yake minne ilikuwa imepasua saruji na kuingia ardhini. Penye egemeo palikuwa na jani moja.

"Mbao zilikuwa mbichi," alisema seremala.

Ndivyo ilivyokuwa. Maishani mwake hakuwa ameuza kitu cha mbao zisizokauka; lakini mahafali yalikaribia, naye alitaka mwanawe, wa kwanza katika ukoo kupata shahada, akute kiti ambacho mwingine hatakikalia. Kijana alikikalia, akingoja kuitwa ofisini. Hakuitwa. Siku hiyo ndipo alipokusudia kuinuka aende kwa mjomba wake, fundi bomba, aliyekubali kumfundisha kazi.

Alipoona haji, mjomba alikuja mwenyewe. Alikizunguka kiti, akakigonga kwa kidole.

"Shemeji, samaki ndiye hukunjwa angali mbichi, si kiti. Lete msumeno."

"Wa nini?"

"Tukate hapa na hapa. Kazi ya kufumba na kufumbua."

"Nikate kiti cha msomi ili akatambae chini ya masinki?"

"Wewe je, hukutambaa chini ya meza za watu? Karo yake ilitoka wapi?"

"Ndiyo maana najua kutambaa kulivyo."

"Baba, kata tu," alisema kijana. "Mimi nimekubali."

"Wewe umekubali. Mimi je?"

Mjomba alimgeukia dada yake, mama wa kijana, aliyekuwa akikunja nguo. Naye alisema bila kuinua macho, "Kaka, watu tumeshawaambia."

"Basi nafasi nampa mwingine. Mabomba ya watu yanavuja," alisema mjomba, akaondoka.

Msumeno ulibaki ukutani. Kijana aliuona vizuri, ila mkono haukufika. Kila Jumamosi seremala alipunguza matawi kwa mkasi na kukipaka kiti vanishi, mwanawe apendeze mbele ya wageni. Majirani walileta watoto wao. "Someni kwa bidii," waliwaambia, "nanyi mje mkae hivi."

Mizizi ilipotanda ililipasua bomba la jikoni lililopita chini ya kiti, sebule ikajaa maji. Mjomba alimtuma mwanafunzi wake, binti wa jirani, aliyepewa nafasi ile. Binti alilala kifudifudi kando ya kiti, akaisogeza mizizi bila kuikata, kama alivyoagizwa na mwenye nyumba, akafunga bomba jipya.

"Kazi ni ngumu?" kijana alimwuliza.

"Mgongo unauma, kaka. Nyundo imeshanila kucha mbili." Alijifuta uso kwa kiwiko. "Lakini jioni ikifika, naenda nyumbani."

Akamnyoshea mkono wa kuaga. Kijana naye akaunyosha wake.

"Usimguse, mwanangu," seremala alimwambia binti kwa upole. "Una grisi, na shati lake ni jeupe."

Binti aliomba radhi, akachukua spana zake, akatoka. Kijana aliurudisha mkono wake juu ya kiti, na mti ukajikunjua kidogo, ukaupokea.