Mguu wa Nne

Mjomba alipomkabidhi Kidoti ufunguo wa pikapu, alimtazama yeye, akamtazama mbwa aliyekwisha kuketi kiti cha mbele, akashusha pumzi.

"Wiki moja, mwanangu. Gari likirudi na mkwaruzo, huyo mbwa nabaki naye."

"Mjomba, huyu anakula kuliko gari."

"Basi likirudi na mkwaruzo, baki naye wewe!"

Mbwa mwenyewe aliitwa Karani, kwa sababu alikuwa na alama nyeupe shingoni kama kola ya shati, na alimtazama kila mtu kana kwamba mtu huyo amesahau kuleta fomu. Nyuma ya gari, chini ya turubai, ulilala ubao wa meza uliozungushiwa blanketi, na kando yake mguu mmoja wa meza hiyo. Miguu mitatu iliyobaki ilikuwa kwa watu watatu, katika miji mitatu, na mji wa mwisho ulikuwa mwendo wa siku mbili.

Meza hiyo ilikuwa kazi yao ya mwisho chuoni. Wanafunzi wanne wa useremala, meza moja. Kidoti alitengeneza ubao wa juu, kisha kila mmoja akachonga mguu wake. Siku ya mtihani mwalimu wa karakana aliweka kidole kwenye kona moja, akabonyeza, na meza ikayumba mbele ya darasa zima, tok, tok. Akapima pengo chini ya mguu ulioning'inia: nusu sentimita. Kidoti, aliyekuwa ameota nafasi ya kwanza mwaka mzima, hakusubiri hata kufikiri. Alimnyooshea kidole rafiki yake mkubwa.

"Ni mguu wako uliozidi! Umetuangusha sote!"

Rafiki huyo walimwita Rula, kwa kuwa alipima kila kitu, hata mkate kabla ya kuukata. Kumwambia Rula amekosea kipimo ilikuwa sawa na kumwambia mpishi ametia sumu chunguni. Hakujibu neno. Walipohitimu, kila mmoja alifungua boliti akachukua mguu wake uwe ukumbusho, na ubao ukabaki kwa Kidoti. Tangu hapo, miaka miwili kamili, Rula hakupokea simu yake hata mara moja.

Sasa Kidoti alikuwa amekata shauri. Atakusanya miguu yote, atafika kwa Rula, atamwomba radhi ana kwa ana. Akimfungia mlango, na afunge, lakini afunge akiwa amesikia.

"Rula, ndugu yangu," alianza kumwambia Karani mara tu nyumba za mji zilipoisha, "urafiki ni mti wenye mizizi mirefu, na mimi kwa ujinga wangu..."

Karani akapiga mwayo hadi magego yote yakaonekana.

"Haya," alisema Kidoti. "Mizizi tunaitoa."

Barabara ilikuwa nyeupe kwa jua. Karani alitoa kichwa dirishani, masikio yakapepea kama nguo kwenye kamba. Kidoti alipoimba, mbwa naye aliinua pua akaitikia, na hakuna kati yao aliyepatia sauti. Dereva wa lori lililokuwa likiwapita alishusha kioo, akasikiliza kidogo, akapiga honi mara tatu. Kidoti hakujua kama alikuwa anapongeza au anaomba msaada, ila alicheka peke yake hadi kilima kilichofuata. Mara kwa mara alirudia hotuba yake, na kila mbwa alipopiga mwayo alipunguza sentensi moja.

Kituo cha kwanza kilikuwa kwa Twiga, aliyekuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha milango. Alitoka mbio kumlaki, akagonga kichwa kwenye kizingiti.

"Unatengeneza milango kutwa nzima, na bado huijui?" Kidoti alimtania.

"Hii imetengenezwa na wafupi wenzako."

Walipokwisha kukumbatiana, Twiga alileta mguu wake ndani ya gazeti, ameinamisha macho.

"Usinicheke. Nimeukata kidogo. Baada ya mtihani roho ilinisuta, nikawaza pengine wangu ndio uliozidi. Nikautoa nusu sentimita."

Kidoti akaenda nyuma ya gari, akaleta wake, akausimamisha kando ya ule wa Twiga. Ilikuwa sawa kabisa.

"Hata wewe?" Twiga aliuliza.

"Hata mimi."

Kesho yake asubuhi Kidoti na Karani walifika kwa Msasa, aliyepewa jina hilo kwa sababu hakuwahi kuridhika na ulaini wa kitu chochote. Alikuwa anaunda vitanda uani, mtoto mgongoni. Hakungoja kuulizwa, akatoa mguu wake uliofungwa kitambaa.

"Shoga, kabla hujaufungua, nina jambo la kukiri..."

"Nusu sentimita?"

Msasa alitumbua macho. Wakacheka hadi mtoto akaamka, naye akacheka bila kujua kisa. Lakini wakati wa kuagana Msasa alimshika Kidoti mkono.

"Nikikutaja wewe, Rula hukata simu. Usimwendee na maneno mengi."

"Hayajabaki mengi," alisema Kidoti, akimtupia Karani jicho.

Alasiri walisimama mbele ya karakana ya Rula. Kidoti alikuwa bado hajashuka pale Karani aliporuka dirishani, akaingia ndani kama mwenye nyumba, akajitupa kwenye rundo la maranda na kugaagaa miguu juu.

"Mbwa wa nani huyu?" Rula alitokea, penseli sikioni. Kisha akamwona Kidoti. Uso wake ukafungika.

"Nilikosea," Kidoti alisema. "Nilikunyooshea kidole mbele ya watu, na sikuwa nimepima. Nisamehe."

Randa ya jirani ilisikika ukutani, ikaenda, ikarudi.

"Umeendesha siku mbili kuja kusema hayo tu?"

"Yalikuwa mengi. Mbwa ameyakataa."

Rula aligeuka akaingia ndani. Kidoti alisimama pale pale, akijiambia kwamba angalau amesikia. Alikuwa amekwisha kumpigia mbwa mluzi waondoke, pale Rula alipotoka na mguu wa nne, akiupangusa kwa kiganja.

"Lete ubao," alisema.

Walifunga boliti, wakaisimamisha meza. Rula akabonyeza kona kwa kidole kimoja. Meza iliinama kama mtu aliyepoteza kiatu kimoja.

"Mmeifanya nini nyinyi?"

"Tumekata. Nusu sentimita. Kila mtu. Kwani wewe hukukata?"

"Nikate nini? Mguu wangu ulikuwa sawa!" Alichuchumaa akatazama chini ya meza, mguu hadi mguu, mabega yakaanza kumtikisika. Akaketi chini kwenye maranda, kando ya mbwa, machozi yakimtoka kwa kicheko. "Miaka miwili naitwa mwenye mguu uliozidi. Sasa mmeufanya uzidi kweli!"

Alipopata pumzi, aliweka fito mbili zilizonyooka juu ya meza, moja kila mwisho, akamwita Kidoti afumbe jicho moja aangalie. Fito hazikulingana. Moja ilikuwa imekaa mshazari.

"Ubao umepinda," Kidoti alisema polepole. Ubao ulikuwa kazi yake mwenyewe. "Ulijua?"

"Tangu siku ile."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nimeshanuna. Mtu akishanuna hawezi kusimama katikati akatoa somo." Alikuna kichwa. "Na mimi nilikosea, Kidoti. Ningesema, tungecheka siku ile ile."

Kidoti alifuta macho kwa mkono wenye vumbi, akayazidisha machozi. Rula alimpa randa, akashika nyingine, na wakaanza kuunyoosha ubao, kila mmoja upande wake, maranda yakijikunja na kudondoka juu ya mgongo wa Karani.

Simu ikaita. Alikuwa Twiga, sauti juu: "Eh, amekufungulia mlango?"

Rula aliichukua simu mkononi mwa Kidoti.

"Wewe Twiga! Mwambie na Msasa. Jumamosi mje wote kwangu, na kila mtu aje na nusu sentimita yake!"