Kamba ya Edah

Sokoni Busia, nyuma ya wauza samaki, walikaa wasokota kamba. Ekaju, ambaye miguu yake ilipooza utotoni, alikalia kipande cha ngozi. Mama Felistus alikuwa na mkono mmoja. Katani aliibana kwa vidole vya mguu, akaichana. Uhuru wa Uganda ulikuwa mbichi bado siku Norah alipoletwa kati yao. Ndui ilimpofusha, mumewe Ofumbi, wa kijiji cha Petta, akamrudisha kwao Bulumbi, akabaki na binti yao mdogo, Edah. Huko Bulumbi alikalishwa nyuma ya jiko mpaka kaka yake akachoka, akamtua sokoni kama gunia.

"Karibu, dada," Ekaju akasema. "Kitendawili!"

Norah akajikunyata.

"Hapa kwetu asiyejibu hapewi uji."

"Tega," akanong'ona.

"Natembea kinyumenyume, mali yangu inarefuka."

Akashindwa. Ekaju akamtia nyuzi mkononi. "Msokota kamba! Mimi nashika ncha, wewe unasokota ukirudi nyuma. Usiogope. Hata mwenye macho hana jicho kisogoni."

Felistus akacheka mpaka akakohoa. Norah naye, kwa mara ya kwanza tangu ndui, akacheka.

Basi akapata watu. Yeye alimfunga Felistus kitambaa kichwani, na Ekaju alimsimulia kila aliyepita, nani kavaa viatu, nani kaazima koti. Lakini kila jioni aliuliza lile lile: "Edah wangu atakuja lini?" Miaka ikapita. Ekaju hakuchoka kuwatuma wachuuzi wa Tororo wapeleke salamu Petta, na mwishowe jibu likarudi: mtoto ataletwa siku ya soko.

Norah akasokota kamba ya kuruka, laini, akaisugua kwa kitambaa ili isimchome mtoto. Aliipima kwa paja lake.

"Kichwa chake kinafika hapa."

"Mama, watoto hukua," Felistus akasema taratibu.

"Wangu namjua."

Siku ya soko akasikia sauti ya msichana. Akainama, akanyoosha mkono chini, pale alipomwacha Edah. Mkono ukagusa tumbo la mtu. Msichana akaruka nyuma.

"Mama! Huyu mwenye makovu ananishika!"

Aliyemwita mama alikuwa mke mpya wa Ofumbi. "Ndiye aliyekuzaa. Msalimie," mwanamke yule akasema, bila ukali.

"Shikamoo," Edah akasema kwa mbali.

Norah akampa kamba. Edah akajaribu kuruka, ikamnasa miguuni. Akajaribu tena.

"Ni fupi," akasema, akairudisha kwa adabu, kama mtu anavyorudisha kitu cha wenyewe. Nyayo zao zikapotelea kwenye kelele za soko.

Norah akaketi chini, akalia kilio kisicho na sauti. Felistus ndiye aliyemsogelea, akamsimamisha, akaukamata mkono wake, akaupandisha polepole, ukapita paja, ukapita kiuno, akaukomesha karibu na kifua.

"Sasa yuko hapa," akasema.

Norah akauacha mkono pale pale, juu ya kichwa kisichokuwepo.

Ndipo akasikia ngozi ya Ekaju ikikwaruza mchanga. Alikuwa anajisogeza mahali pake pa kazi.

"Nimeshika ncha, dada."

Norah akapapasa nyuzi, akaanza kurudi nyuma huku machozi yakimtiririka. Alipofika pale alipozoea kusimama, hakusimama; kamba ikazidi kurefuka.