Mama wa Bibi Arusi Anacheza Beki

Jumatano hiyo Gatesi alifunga biashara mapema, akafunganya mitumba yake kwenye turubai, akaenda kuombea mtu ruhusa. Miguu ilikuwa inamuuma kabla hata hajaanza safari. Umri wa miaka thelathini na mitatu si uzee, lakini mtu akiamka alfajiri kubeba furushi la sweta kichwani, akashinda jua zima sokoni, kisha jioni akakimbizana na mabinti uwanjani, magoti hayatambui tena tofauti ya uzee na ujana. Yanauma tu.

Habari zilikuwa zimefika kutoka Kigali kwamba nchi inataka kuunda timu ya taifa ya wanawake. Mtu anayeitwa Karekezi alikuwa anazunguka mikoani kutafuta wachezaji, na Jumamosi angefika kwao Gisenyi na basi dogo lenye mabinti wa Kigali wa kucheza nao. Alikuwa ametuma masharti mawili. Timu isiyotimia watu kumi na mmoja hataitazama, na mchezaji aliyepita miaka thelathini asijisumbue.

Sharti la pili Gatesi alikuwa ameshalimaliza moyoni. Angesema ana ishirini na saba. Nani angembishia? Alizaliwa Karagwe, Tanzania, katika kambi ya wakimbizi, na karatasi zake zilipotea njiani wakati wa kurudi nyumbani. Alikuwa mwembamba, hakuwa ameolewa, na uso wake ulikuwa bado unamfichia umri. Tangu utotoni, alipokuwa akicheza na kaka zake huku watoto wa pale wakimwita mkimbizi, alikuwa na tamaa moja tu: kuvaa jezi ya nchi, hata kwa mechi moja, ili mtu akimuuliza wewe ni wa wapi amwonyeshe kifua. Wengine huomba mume, wengine huomba nyumba ya mabati. Yeye aliomba jezi, na aliona haya kulisema jambo hilo mbele ya watu.

Sharti la kwanza ndilo lililomnyima usingizi. Timu yake ilikuwa imepukutika. Wasichana wa Bugeshi walikwenda kuvuna viazi wasirudi, yule wa Mudende kaka zake walimwambia akionekana tena na bukta wataichoma moto akiwa ameivaa. Walibaki kumi na mmoja barabara, pamoja na Gatesi mwenyewe, ambaye alikuwa kocha, beki wa kati na mfuaji wa jezi. Na katika hao kumi na mmoja, winga wake Iriza, mwenye mbio za kuogofya, alikuwa ameolewa wiki mbili zilizopita na alikuwa amefungiwa ndani.

Si kwamba alikuwa amefungiwa kwa kufuli. Alikuwa bibi arusi, na bibi arusi wa Kinyarwanda haonwi na jua wala watu mpaka afanyiwe gutwikurura, yaani watu wa kwao waje na vikapu na vinywaji, mama yake mbele, wamfunue rasmi. Kabla ya hapo hafagii, hapiki, hatoki hata kuchota maji. Anakaa, anakunywa maziwa, ananenepa. Ni heshima kubwa, na kwa winga ni msiba.

Nyumba ilikuwa chini, karibu na ziwa. Mama mkwe wa Iriza, Nyirabahire, muuza sambaza, alikuwa amekaa mlangoni akichambua samaki huku macho yakifumba kwa usingizi. Walijuana na Gatesi miaka yote ya sokoni, na lugha yao ilikuwa Kiswahili, kwa sababu Kinyarwanda cha Gatesi kilikuwa na lafudhi ya Tanzania na Nyirabahire alikuwa hachoki kukicheka.

"Najua kitu unatafuta," Nyirabahire alisema kabla hajasalimiwa. "Mi sina maneno na mupira. Ata Sylvain hana maneno. Alimuoa akijua anacheza."

"Basi nikopeshe siku moja tu, mama. Jumamosi."

"Bibi arusi hawamukopeshake, Gatesi. Hatuyamutwikurura."

"Mfunueni kesho."

Nyirabahire akaweka samaki chini. "Nani atakuya? We unajua ile mutoto iko na nani? Hana mutu. Siku ya ndoa ni bamama ya kanisa ndio walimusindikiza. Mi niko namungojea mama yake atoke wapi? Mi pia nachoka. Nabeba samaki, narudi, napika, nafagia, bibi ya mutoto wangu iko ndani anakunywa maziwa. Unafikiri mi napenda?"

Gatesi alijua. Watu wa Iriza waliisha wote mwaka wa tisini na nne, na hilo halikuhitaji kusemwa zaidi. Wakabaki wachovu wawili mlangoni, mmoja ananuka samaki na mwingine ananuka mitumba. Ndani walisikia Iriza akikohoa kidogo, kikohozi cha mtu anayetaka ijulikane kwamba anasikia.

"Nitakuja mimi," Gatesi alisema.

"Kama nani?"

"Kama mama yake."

Nyirabahire alifuta mikono kwenye kitenge. Hakucheka safari hii. "Ile haiko mchezo. Ukisimama, umesimama."

"Nimesimama."

Mtaka cha uvunguni sharti ainame, na Gatesi aliinama bila kuangalia kilichokuwa uvunguni. Yeye aliona jambo moja tu: winga amerudi, kumi na mmoja wametimia.

Ijumaa alasiri timu nzima iliteremka kuelekea ziwani kwa mstari, vikapu kichwani. Ndani ya vikapu mlikuwa na walichoweza kupata: mtama, maharage, viazi vya Nyakiriba, mtungi wa pombe ya ndizi ambao kipa aliubeba kwa uangalifu kuliko alivyowahi kuudaka mpira. Gatesi alitangulia, amejifunga begani vazi la sherehe la kuazima, mushanana, anatembea taratibu kama mzazi. Wasichana nyuma yake walikuwa wanabana vicheko, na yeye pia alikuwa anaona ni mchezo wa kuigiza, mpaka alipoingia.

Iriza alikuwa amekaa kwenye mkeka, kitambaa kimemfunika kichwa. Kwa desturi mama ndiye anayekiondoa. Gatesi alipokiondoa alikuta uso umelowa machozi. Iriza, ambaye uwanjani alikuwa na mdomo mchafu kuliko mabaharia, alimtazama kwa aibu na kusema, polepole, "Mama."

Basi, Gatesi alimfuta machozi kwa kona ya kitambaa. Alikuwa ametayarisha maneno ya kusema mbele ya wenyeji, na aliyasema, kwamba huyu ni mtoto wangu, kwamba nimemleta kwenu, kwamba kuanzia leo ashike ufagio na moto wa nyumba hii. Lakini neno la mtoto alilirudia mara mbili. Wanawake wa jirani wakapiga vigelegele. Kipa alilia wazi kabisa bila kujisitiri.

Wakala, wakanywa. Sylvain, mume, kijana mpole wa kwenye mitumbwi ya sambaza, alikuja kumsalimia Gatesi kwa mikono miwili, macho chini. Ndipo Nyirabahire aliposogea karibu. Sasa alimwita bamwana, kama wazazi wa arusi wanavyoitana.

"Bamwana, kesho kule kwa mupira utakaa fasi gani? Tutakuchukulia kiti."

"Kiti cha nini? Nacheza."

"Na kaputula?"

"Na bukta, ndiyo."

"Mbele ya Sylvain?"

Hapo ndipo Gatesi alipoelewa alichokuwa amekifanya. Mama mkwe na mkwewe wa kiume hawaonani ovyo. Hata kula mbele yake ni kwa kujibana, sembuse mapaja nje, jasho linatiririka, anavutana mashati na wasichana. Angemtoa Iriza ndani na kumvunjia ndoa siku hiyo hiyo. Na akikaa kwenye kiti, wangekuwa kumi, na Karekezi angegeuza basi lake.

"Sylvain abaki nyumbani," mtu mmoja alisema.

Sylvain alitikisa kichwa. Aliongea akiwa anatazama sakafu. "Nikikosa, batu ya mitumbwi watasema nimekasirika, nilimukatazaka bibi yangu. Nitaenda. Nitageuka."

"Utageuka vipi?"

"Nitapa mupira mugongo."

Nyirabahire aliwaza, kisha akakubali. Mgongo hauna macho. Gatesi alikubali pia, kwa sababu maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, ingawa usiku huo alilala akijiuliza, kati yake na Nyirabahire, ni nani hasa amemshinda mwenzake.

Jumamosi watu walijaa kuzunguka uwanja. Mwaka huo ndiyo kwanza barabara ya Ruhengeri ilikuwa inapitika bila msafara wa askari, na watu waliokuwa wamejifungia kwa woga muda mrefu walitoka kutazama kitu chochote kile, hata wanawake wakicheza mpira. Vumbi jeusi la volkano lilipanda mpaka magotini. Sylvain alisimama kwenye kona ya uwanja, uso kwenye ukuta wa shule, mgongo kwa mchezo, mikono nyuma. Watoto walimzunguka wakimchungulia usoni. Nyirabahire alikaa karibu naye juu ya beseni lake la samaki alilolipindua.

Mabinti wa Kigali walikuwa wadogo na wepesi, na walikuwa na viatu. Kipindi cha kwanza Gatesi alikitumia kutazama visigino vyao vikienda zake. Iriza naye, wiki mbili za maziwa zilikuwa zimemkaa kiunoni, alikuwa anakimbia hatua kumi anashika mbavu. Walifungwa moja, wakafungwa la pili. Karekezi, mrefu, mwenye koti la kijeshi lisilo na vyeo, alipiga miayo.

Gatesi hakuwa na mbio, alichokuwa nacho ni mdomo. Kipindi cha pili alianza kuupanga uwanja kwa kelele. Wewe rudi, wewe panda, acha huyo ni wangu, Iriza lala kushoto usikimbie, ngoja, ngoja nakwambia, sasa! Akaupiga mpira mrefu kuelekea kushoto, akasimama kuuguza goti. Maziwa yalikuwa yamekwisha kuyeyuka. Iriza alimpita wa kwanza, akampita wa pili, akafunga, na kelele za watu zilikuwa kubwa hata Sylvain akaanza kugeuza shingo. Nyirabahire alimpiga kofi la mguu.

"Ni nani amefunga?" Sylvain aliuliza ukuta.

"Ni bibi yako. Angalia mbele."

Iriza alifunga tena kabla ya mwisho, na mechi ikaisha mbili kwa mbili. Gatesi alikaa chini palepale kwenye vumbi. Alikuwa amechoka uchovu ambao hauna hata maumivu. Karekezi alivuka uwanja akaja kusimama mbele yao, yeye na Iriza. Watu wakasogea kusikiliza, Nyirabahire akiwa mbele na beseni lake kiunoni.

"Wewe winga unakuja Kigali," Karekezi alisema. "Na wewe beki. Miguu yako mizito, nitasema kweli. Lakini unaongea. Nina mabinti ishirini na wote mabubu uwanjani. Ninahitaji mtu wa kuwaongoza. Umri?"

"Ishirini na saba," Gatesi alisema, na neno likatoka laini kama alivyolizoeza. Jezi ilikuwa hapo, ya kunyoosha mkono tu.

"Sawa. Tutaondoka wote..." Karekezi alikuwa anatazama nyuma yao, kwenye kona. "Yule mtu ana nini na ukuta? Mechi nzima amesimama hivyo."

"Anaheshimia mama mukwe wake," mtu mmoja alijibu kutoka kwenye kundi, akifurahi kujua.

"Mama mkwe yupi?"

Vidole vikamwonyesha Gatesi.

Karekezi alimtazama Gatesi, akamtazama Iriza. "Binti, una miaka mingapi?"

"Kumi na tisa."

Akacheka bila ubaya. "Ulimzaa ukiwa na miaka minane? Niambieni ukweli. Huyu ni mama yako au si mama yako?"

Iriza alielewa haraka kuliko wote. Alimtazama Gatesi, akamtazama mama mkwe wake. Gatesi aliona midomo ya yule mtoto inaanza kutengeneza neno hapana. Angelisema. Angerudi kuwa mtu asiye na mtu, mbele ya ukoo wa mumewe na Gisenyi nzima, ili kocha wake apate jezi. Katika watu wote wale waliojua ukweli, hakuna aliyesema kitu.

"Ni wangu," Gatesi alisema kabla ya Iriza, akijiongezea miaka minne ili hesabu ya uzazi ikubali. "Nilikudanganya umri, afande. Nina thelathini na saba."

Karekezi aliguna. Alionekana kusikitika kweli. "Pole, mama. Na asante kwa kumlea." Akageuka kwenda kuwaita wengine kwenye basi.

Gatesi alibaki ameshika goti. Alitaka kulia lakini alikuwa amechoka mno kwa kazi hiyo. Nyirabahire alifungua kitenge chake cha juu, akamfunga nacho kiunoni, akakaza fundo, kisha akamwita mwanawe. Sylvain akageuka, akipepesa macho, akaja kusimama mbele ya mama mkwe wake na kuinamisha kichwa.

"Wamemuchukua?" aliuliza.

"Wamemchukua."

"Na we, mama?"

"Mimi," Gatesi alisema, "nilikuwa najaza idadi tu, mwanangu."