Nati Mbili Bado

Kono la kuvutia tela lilikuja ndani ya boksi refu, pamoja na gololi yake ya kunasia tela, bolti sita na karatasi ya maelekezo yenye picha tu. Fundi alitandika boksi hilohilo chini ya gari kubwa jeusi la mkandarasi, akalala chali juu yake. Ilikuwa Jumatatu, saa mbili asubuhi. Gari halikutoka kiwandani na kono, kwa hiyo alianza kwa kukwangua kutu kwenye matundu ya chesisi, kisha akapima mara mbili ili gololi ikae katikati.

Alikuwa na desturi moja ambayo wenzake waliitania. Kila nati aliyoikaza mpaka mwisho aliipiga mstari wa chaki nyeupe, kuanzia kwenye nati hadi kwenye chuma. Mstari ukikatika, nati imesogea. Nati isiyo na mstari bado, na gari lenye nati ya namna hiyo haliondoki.

"Wewe ungekuwa mwalimu," alisema Mfupi, fundi mwenzake, ambaye alikuwa mrefu kuliko wote pale gereji.

"Mwalimu akikosea, mwanafunzi anarudia darasa. Mimi nikikosea, nani anarudia?"

Kufikia saa nne kasorobo alikuwa amepiga mistari minne. Nati mbili zilizobaki zilikuwa za upande wa kushoto, na zilitaka spana kubwa iliyokuwa stoo. Mkandarasi alikuwa ameshafika na tela lake, juu yake mashine ya kuchanganyia zege.

"Bado nati mbili, bosi. Dakika kumi tu."

"Dakika kumi za mafundi nazijua. Nne zinatosha. Gari lenyewe si lina miguu minne?"

Fundi alikwenda stoo. Aliporudi, tela lilikuwa limefungwa na gari lilikuwa linapanda mwinuko ulio mbele ya gereji. Alikimbia nyuma yake, spana mkononi, akipiga kelele, "Bado! Bado!" Katikati ya mwinuko kono lilijipinda likachomoka. Tela lilirudi kinyumenyume, likamkuta njiani.

Kabla mkaguzi hajafika, mkandarasi alilipeleka gari kuoshwa. Lilioshwa juu na chini, kwa maji ya mashine.

Ripoti ilikuwa ya ukurasa mmoja. Kwenye nafasi ya chanzo cha ajali paliandikwa: uzembe wa fundi. Mkewe, ambaye alikuwa mshonaji, aliisoma akiwa amekaa kwenye cherehani yake, kisha akamsomea mama mkwe wake.

"Mwanangu?" alisema bibi kizee. "Huyo alichelewa kuzaliwa wiki mbili. Hata tumboni hakutoka mpaka kila kitu kiwe tayari."

Mjane alikunja karatasi, akaenda ofisini kwa mkandarasi. Hakuomba kitu kingine. Alitaka maneno yale matatu yafutwe.

"Nenda kwa mkaguzi ukamwambie nati mbili zilikuwa bado, na kwamba uliambiwa."

"Mama, maji yakimwagika hayazoleki."

"Hayakumwagika yenyewe. Uliyamwaga wewe, juu ya chaki."

Mkandarasi alimpa pole ya msiba, akamwomba katibu wake amfungulie mgeni mlango.

Wiki ya tatu mkandarasi alifungiwa kono jipya katika gereji nyingine, bolti sita, zote zimekazwa. Alhamisi asubuhi, akielekea kazini, aliona gari limekuwa zito. Alitazama kwenye kioo akaona anavuta kaburi. Lilikuwa kaburi la fundi, lote, pamoja na tuta lake la udongo, kibao cha mbao, na kopo la maua ambalo mjane alikuwa ameliweka Jumapili. Lilikuwa limeshika kwenye gololi barabara, na minyororo miwili ya usalama ilikuwa imepishana kama inavyotakiwa. Makaburini palibaki shimo la mstatili. Mlinzi alilifunika kwa mbao ili mtu asitumbukie.

Mkandarasi alishuka akalifungua. Lilifunguka bila taabu. Alipofika mita mia mbele, lilikuwa limeshajifunga tena. Kesho yake aliondoa kono lenyewe, kaburi likashika bampa. Akarudisha kono, kwa kuwa bampa lilikuwa linakwaruzika.

Wiki haikuisha watu wakawa wamezoea. Mwenye nguvu mpishe, na barabarani walimpisha. Askari wa trafiki alimsimamisha mara moja.

"Hili tela limesajiliwa?"

"Ni kaburi, afande."

"Naona. Halina taa za nyuma."

Basi kaburi likafungwa taa mbili nyekundu na kupewa namba. Kwenye fomu, mahali pa idadi ya magurudumu, karani aliandika sifuri. Mahali pa mzigo aliuliza kama aliyemo ni mmoja, akaambiwa ndiyo, akaandika mmoja.

Chaki nayo ilirudi. Kila asubuhi nati nne za kono zilikuwa na mistari myeupe na mbili za kushoto hazikuwa na kitu. Muosha magari aliisugua kwa brashi na sabuni, na kabla kitambaa chake hakijakauka mistari ilikuwa imerudi mahali pake. Mwishowe aliiacha, akasema yeye analipwa kuosha uchafu, na ule si uchafu.

Siku ya ukaguzi wa gari, mjane na Mfupi walifika mapema kuliko mkandarasi. Mkaguzi alikuwa yuleyule. Alipiga magoti, akamulika chini kwa tochi.

"Hiyo ni chaki yake," alisema Mfupi. "Nne zimekazwa, mbili bado. Ndivyo gari lilivyotoka kwetu siku ile."

Mkaguzi alipitisha kidole juu ya mistari, mmoja mmoja, kisha akakitazama kidole chake. Kilikuwa cheupe.

"Naiona," alisema.

Akazijaribu nati zote kwa spana. Hakuna iliyosogea. Akasimama, akafuta kidole kwenye suruali, akaandika. Mjane alisoma juu ya mkono wake: Kono imara, nati sita. Gari lioshwe vizuri zaidi.

"Na ile ripoti yetu?"

"Ile ilishafungwa, mama. Hapa nakagua hili."

"Si umesema umeiona?"

"Nimeiona. Lakini fomu hii haina mahali pa kuiandika."

Akampa mkandarasi stika ya mwaka mzima.

Sasa mjane ameijua njia ya gari. Jumanne na Ijumaa hufunga cherehani saa tisa na nusu, akaenda na mama mkwe wake kwenye taa za njiapanda, mahali mkandarasi hupita akirudi kutoka kazini. Hubeba kijembe kifupi, chupa ya maji na maua. Taa nyekundu hukaa dakika moja na nusu. Mkandarasi hupandisha kioo na kutazama mbele. Mjane hung'oa majani, husawazisha tuta pale lilipobomolewa na matuta ya barabarani, na bibi kizee hubadilisha maua huku akimsimulia mwanawe habari za nyumbani, kwa haraka ambayo mwanawe hakuipenda.

Kwenye pindo la kanga mjane huweka ile ripoti. Kila mara huitoa akaisoma tena, akiangalia kama yale maneno matatu yamefutika. Hayajafutika.

Taa ya kijani huwaka kabla hajamaliza. Madereva wa nyuma hupiga honi.

"Bado," huwaambia, mikono ikiwa ndani ya udongo. "Bado."

Gari huondoka.